Kona ya herufi Nakivale: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti 2025

18 Januari: mahali, watoto, vifaa vya kwanza

Kona yetu iko Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Ni paa la bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, na pembeni kuna turubai. Watoto ni wa miaka 3 hadi 6. Nyumbani wengi wanaongea Kiswahili cha Kongo, wengine Kinyarwanda, Kirundi au Kinyankore, na wapo wachache wa familia za Kisomali. Wakishaanza kucheza pamoja, wote wanaangukia Kiswahili. Kwa hiyo herufi tutazifundisha kwa Kiswahili.

Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wasome kwa lugha ya eneo lao, kisha Kiingereza kianze kushika usukani darasa la nne, mwaka wa mpito. Penye mchanganyiko wa lugha kama hapa, shule huanza na Kiingereza tangu mwanzo. Hatushindani na shule. Tunachotaka ni mtoto aingie darasa la kwanza akijua kwamba alama ina sauti, na mkono wake ukijua pa kuanzia.

Naandika kwa ajili ya wenzetu wa Rwamwanja na Kyaka, makazi mengine ya wakimbizi, waliouliza tunafanyaje. Bei ni za hapa au za mji wa Mbarara, kwa shilingi za Uganda. Vya kuanzia: mkeka mkubwa wa plastiki 35,000, boksi la chaki 5,000, penseli dazeni mbili 6,000, na chati ya herufi yenye picha 5,000, ile inayouzwa kila soko. Wanaofundisha ni mimi na akina mama wawili wa kujitolea. Tunaanza saa tatu asubuhi na kumaliza kabla jua halijapanda juu ya bati.

1 Februari: chati imeshuka ukutani

Nieleze vizuri kwa nini, maana kila chekechea niliyoingia inayo.

Chati ni ya Kiingereza. Kwenye E kuna tembo. Mwalimu anaonyesha, anauliza hii ni nini, mtoto anatazama picha na kujibu kwa haki kabisa: tembo. Neno tembo linaanza na t. Kwenye D kuna mbwa, kwenye C paka, kwenye F samaki. Mtoto mwerevu anayetafuta uhusiano kati ya picha na alama anaambulia uhusiano wa uongo. Yule asiyetafuta chochote anakariri wimbo na kupigiwa makofi. Kwenye X kuna ala ya muziki ambayo hata sisi watu wazima hapa hatujawahi kuigusa.

Tukachora ya kwetu. Manila 1,200 kwa karatasi, kalamu za wino mzito 3,000 moja. Hapo Kiswahili nacho kikaonyesha ukaidi wake. Kuku kwa k, taa kwa t, embe kwa e, nanasi kwa n, sabuni kwa s: hizo zilikwenda bila shida. Irabu zilizobaki ndizo zilitutoa jasho. Kwa i tulihangaika mpaka mmoja wa akina mama akasema inzi, na kweli hakuna mtoto Nakivale asiyemjua inzi. Kwa u, uji. Kwa a tulichora chupa ya asali na nyuki pembeni, watoto wakasema nyuki. Kwa o tulikosa kabisa kitu cha kuchora. Mwishowe a na o zote tukazipa vitendo: mtoto anaanguka, mtoto anaoga kwenye beseni. Swali letu pale si "hii ni nini" tena. Mwalimu anasema "anguka!", watoto wote wanajitupa mkekani, kisha ndiyo kadi inaonyeshwa. A imekuwa herufi wanayoipenda kuliko zote.

Atakayechora ya kwake achore kitu kimoja tu. Viti viwili kwenye picha vinatoa jibu "viti", na hapo ghafla uko kwenye v. Na m ina maneno mengi mno: mtoto, mti, mkono, mlango, mbuzi. Ukiyatumia yote, kila picha ya kwenye chati ina kitu cha kuanzia na m. Tumebaki na mama peke yake.

22 Februari: herufi moja, majina matatu

Hiki ndicho kikwazo ambacho hatukukitegemea, na ndicho kilichobadilisha mradi wote.

Watoto wengi wanaletwa "wakijua herufi" tayari. Kaka na dada wanaosoma shule za hapa wamewafundisha kwa Kiingereza, ambako A huitwa "ei", E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Akina baba waliosoma Kongo wamewafundisha kwa Kifaransa, ambako I ni "i", H ni "ashi", G ni "zhe" na J ni "zhi". Mweke mtoto mmoja katikati ya hao wawili, kisha umwambie aandike i. Kwa kaka yake mlio huo ni E. Kwa baba yake ni I. Anaandika moja, anakutazama usoni, anafuta.

Mtoto mmoja wa miaka 5, anayeimba ABC yote bila kukosa hata moja, aliombwa alete herufi inayoanza neno embe. Akaleta A. Ukifuata masikio yake yuko sahihi, maana "ei" ya Kiingereza inaanza na mlio wa e.

Tulijaribu kwanza kuzipa lugha siku zake: leo majina ya Kiingereza, kesho Kifaransa, keshokutwa Kiswahili. Hata sisi wakubwa tulichanganyikiwa, na watoto wa miaka 3 wakaacha kujibu kabisa. Tukaamua kwamba ndani ya kona herufi haina jina, ina sauti tu. Nyumbani waimbe wanavyotaka.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika. "Mwalimu, mtihani ni wa Kiingereza. Kiswahili chenu kitamsaidia nini?" Mama mmoja mzee, bibi wa mtoto mwingine, alimjibu kabla yangu: "Baba, mbona wewe unamgombeza kwa Kiswahili na anakuelewa?" Watu wakacheka, lakini hoja ya yule baba ni ya kweli. Baraza la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili na kifundishwe shuleni kwa lazima, ila mtihani wa kumaliza shule ya msingi bado unafanywa kwa Kiingereza. Nilichomwonyesha ni kadi. Hizi hapa m, n, s, t, k, l, f, b, d: umbo ni lile lile katika Kiingereza, na sauti karibu ile ile. Kitakachobadilika zaidi ni irabu, na irabu za Kiingereza zinamsumbua kila mtu, Mwingereza mwenyewe akiwemo. Alikubali kumwacha mtoto hadi mwisho wa muhula, tuone.

Sauti zinazovutika hazina taabu: mmmm, nnnn, ssss, llll. M ni nzuri kuanzia kwa sababu katika Kiswahili husimama peke yake kama silabi. Mtoto aliyeambiwa m ni "ma" anasoma mtu kama "matu". Aliyeambiwa "em" anasoma "emtu". Anayejua mmm anasoma mtu.

K, t, p, b, d na g hazivutiki. Ukitamka k peke yake unaongeza irabu bila kupenda, mtoto anasikia "ka", na tukapata wasomaji wa "ka-i-ta-i" kwa neno kiti. Dawa iliyofanya kazi: hizi hatuzitamki peke yake hata kidogo. Kadi ya k inalala mkekani. Mtoto anashika kadi ya a na kuisukuma polepole, midomo yote imenyamaza, mpaka kadi ziguse: ka! Anaiondoa, anasukuma i: ki! Anasukuma u: ku! Baada ya muda wanaisikia k ilivyo ingawa hakuna aliyewahi kuwaambia inasemaje. Mtoto mwenyewe ndiye asukume. Mwalimu akisukuma, watoto wanatazama mkono wa mwalimu na kuacha kadi.

15 Machi: mpangilio, kuimba, na majina ya watoto

Hatuendi kwa a, b, c, d. Ukienda hivyo unapitia herufi 12 kabla ya kuifikia m, na muda wote huo mtoto hawezi kuandika mama. Tunakwenda a, m, i, k, u, t, l, n, o, e, s, kisha zinazobaki. Kwa a na m una mama. Ikija i una mimi na mia. Ikija k una kaka, kama, mkia. Ikija u una kuku na uma. Ikija t una taa, tatu, mti, mtu, kiti. Ikija l una lala, kula, mlima. Mtoto anasoma neno la kweli tangu herufi ya pili.

Kuimba "ba be bi bo bu" tumekuacha pia, na hapa najua nitapingwa, kwa sababu wengi wetu tulijifunza hivyo. Jaribu jambo moja kabla ya kunipinga. Watoto wakiwa katikati ya wimbo, hamisha fimbo yako kwenye bu wakati wao wako be. Wataendelea kuimba. Macho hayapo ubaoni, yapo kwenye wimbo. Silabi tunazitumia, ila kwa kuzionyesha bila mpangilio, na mtoto mmoja mmoja.

Majina yao wenyewe yamesaidia kuliko tulivyodhani. Kila mtoto ana kadi ya jina lake, na mahudhurio ni kuitafuta mkekani asubuhi. Herufi ya kwanza ya jina lake ndiyo mtoto huitambua mapema kuliko zote. Hapa tuna Furaha na Faida, na kwa siku kadhaa walinyang'anyana kadi, mpaka mmoja akagundua kwamba ya mwenzake ina nukta ndani yake. Tangu hapo wanatazama neno lote.

Majina yameleta mambo mawili. La kwanza, wazazi wanaandika FURAHA, yote kwa herufi kubwa, kama ilivyo kwenye kadi za familia. Kadi zetu tumeziandika Furaha, na herufi kubwa nyingine tumezisogeza mwisho wa mwaka. La pili, wapo akina Claudine, Jacques na Félix. Katika Kiswahili c haitokei bila h, na q na x hazipo kabisa. Hatuwafundishi sauti za herufi hizo. Jina la mtu linaandikwa kama familia inavyoliandika, basi, na mtoto anajifunza kulichora.

Kadi za majina zilituchelewesha kwa sababu ya a. Duka la fotokopi lilizichapa kwa mwandiko wa kawaida wa kompyuta, ambamo a ina paa juu ya tumbo na g ina vitanzi viwili. Mtoto anayeandika a ya mkono, duara na kijiti, haoni kuwa ni herufi ile ile. Tukapakua mwandiko unaoitwa Andika, wa shirika la SIL, uliotengenezwa mahsusi kwa wanaoanza kusoma. Ni wa bure, na a na g zake ni kama za mkono. Uweke kwenye flashi, uende nao dukani, kwa sababu kompyuta za pale hazina. Kuchapa upya: 500 kwa ukurasa.

12 Aprili: vibao na trei za mchanga

Vibao. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 6, futi 4 kwa 8, inatoa vibao 32 vya futi moja kwa moja. Plaiwudi 52,000, fundi alikata kwa 6,000, kingo tulipiga msasa wenyewe.

Rangi ndiyo ilitusumbua. Kwa kubana matumizi tulisaga makaa, tukachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, tukapaka. Vilikauka vizuri, vyeusi kweli kweli. Siku ya kwanza ya kitambaa chenye maji rangi yote ikahamia kwenye kitambaa, kutoka hapo kwenye mikono, kutoka mikono kwenye mashati, na akina mama wakatupa salamu zao. Wapo waliotushauri tuchukue unga mweusi wa ndani ya betri za tochi zilizokufa, dawa ya zamani ya walimu wa vijijini. Hapana. Ule unga una manganizi na kemikali nyingine, na hawa watoto wanalamba vidole. Tulinunua rangi ya ubao lita moja kwa 28,000, ikatosha kupaka vibao vyote mara mbili na ikabaki.

Kabla ya kuandika mara ya kwanza, lalisha chaki ubavu, paka kibao kizima cheupe, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, herufi ya kwanza kuandikwa hubaki kama kivuli na haitoki tena. Vibao vitatu vyetu vina "m" ya kudumu.

Trei. Fundi alitengeneza kwa mabaki ya mbao, sm 30 kwa 20, ukingo wa sm 3, kwa 4,000 kila moja. Mchanga wa ujenzi ulikuwa na kokoto, tukauchekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha, tukauosha, tukauanika kwenye turubai. Herufi hazikuonekana. Sababu zilikuwa mbili. Mchanga ulikuwa mwingi, karibu ukingo mzima, na ukuta wa kila mstari ulibomoka nyuma ya kidole. Na sakafu ya trei ilikuwa mbao tupu ya rangi ile ile ya mchanga. Tulipunguza mchanga ukawa chini ya sm 1 na kupaka sakafu ile rangi nyeusi iliyobaki. Sasa kidole kikipita, mstari mweusi unafunguka nyuma yake, na hata mtoto mwenye aibu anataka zamu.

Zifunikeni trei usiku. Paka wa jirani aliziona kabla yetu. Mchanga wote ulimwagwa na kazi ya kuosha ikaanza upya.

10 Mei: herufi za kugusa

Wazo ni la Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907: herufi iliyokatwa kwenye msasa na kubandikwa kwenye kibao, mtoto anaipitisha vidole huku akitamka sauti yake. Jicho, mkono na sikio vinajifunza kwa pamoja.

Msasa wa kwanza ulikuwa namba 60, ule wa kung'arishia mbao mbichi. Baada ya herufi chache watoto walikunja vidole. Namba 120 inafaa: 1,500 kwa karatasi, na unapata herufi sita hivi za kimo cha sm 10. Baadaye tulipata njia ya bei nafuu zaidi, kuchora herufi kwa gundi ya mbao na kunyunyizia mchanga laini uliochekechwa. Nusu kilo ya gundi, 8,000, ilimaliza herufi zote na bado ipo. Kadi ni maboksi ya sabuni, tumepewa bure dukani. Irabu tumezipaka buluu, konsonanti nyekundu, kama shule nyingi za Montessori zinavyofanya. Kundi la kwanza la kadi tulilibandika kwa uji wa muhogo, na panya walikula irabu nne zilizokuwa juu ya rundo. Muhogo tumeachana nao rasmi.

Kufundisha herufi mpya tunafuata hatua tatu, zilizotoka kwa Mfaransa wa karne ya 19, Édouard Séguin. Kwanza mwalimu anasema: hii ni s. Pili anaomba: nionyeshe s, nipe n, ifiche s. Tatu ndipo anauliza: hii inasemaje? Walimu wengi, nasi tulikuwa hivyo, hurukia hatua ya tatu mara moja, na mtoto asiyejua jibu anajifunza kunyamaza. Hatua ya pili ndiyo ya kukaa nayo. Humo mtoto anaweza kuonyesha kuwa anajua hata kama hajawa tayari kusema, na akikosea hakuna aliyesikia.

14 Juni: b na d

Zilikuja kama zilivyotarajiwa. Kwa uzoefu wote wa mtoto, kikombe kikielekezwa kulia au kushoto ni kikombe kile kile. Sasa tunamwambia tumbo likielekea kulia ni b, na likielekea kushoto ni kitu kingine kabisa. Mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza kwamba ubongo kwa asili huhesabu umbo na taswira yake ya kwenye kioo kuwa kitu kimoja, na kujifunza kusoma ni pamoja na kuondoa tabia hiyo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 anayegeuza herufi hana ugonjwa. Wazazi wawili walishaanza kuwa na wasiwasi, nikawaambia wasubiri.

Kuziweka b na d pamoja ubaoni na kueleza tofauti kuliongeza mkanganyiko. Hata waliokuwa wanaandika b sawasawa walianza kusita. Tulizitenganisha. Kila moja sasa inakaa na ukoo wake wa mwendo wa mkono. D inafuata a: unaanza na duara kwa kwenda kushoto, kisha unapandisha kijiti kirefu. B inafuata h: unaanza juu, unashuka na kijiti, unapanda na kufanya tumbo. Kidole kinaanza mahali tofauti, basi mkono unajua hata jicho likisita. D ilifundishwa mwanzoni mwa Mei, b majuma kadhaa baadaye, na katikati tukafanya herufi zisizofanana na hizo. Bado wanageuza, ila sasa wakiambiwa "anza tena" wengi wanajirekebisha.

12 Julai: penseli, mkono, na upande wa kuanzia

Penseli tuliziingiza mwisho, baada ya kidole, mchanga na chaki. Penseli ndefu mtoto anaishika kwa ngumi. Tulizikata vipande vya urefu wa kidole gumba, na kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi; vidole vitatu vinakaa vyenyewe. Chaki vivyo hivyo: vunja. Dazeni moja ya penseli inageuka kuwa 36, na hakuna anayelia kuwa ya mwenzake ni ndefu.

Wenye mkono wa kushoto tunawaacha waandike kwa mkono huo. Kuhusu hili tumebishana na mababu kuliko jambo jingine lolote. Tumekubaliana kwamba chakula na salamu ni vya kulia kama desturi inavyotaka, na chaki ni ya mkono unaoitaka. Kibao chake kiinamishwe kidogo ili mkono usifute kilichoandikwa.

Watoto wanaokwenda madrasa, wa Kisomali na wengine, wanajua tayari kwamba maandishi huanza kulia. Wako mbele ya wenzao, kwa sababu wanajua maandishi yana mwelekeo. Kuwaambia "kushoto" hakukusaidia. Wa miaka 4 hajui kushoto ni wapi. Tuliweka nukta ya rangi ya kijani ukingoni mwa kila kibao, upande wa kushoto, na maagizo ni "anzia kwenye kijani". Chupa ndogo ya rangi, 3,000. Tukawa tumemaliza na watoto wote, wa madrasa na wasio wa madrasa.

16 Agosti: kuwapima

Tunampima mtoto mmoja pembeni, kadi zimechanganywa, bila wenzake wa kumnong'oneza. Kwanza aonyeshe tunayoitamka, kisha atamke tunayoionyesha, mwisho aandike.

Wa miaka 5 na 6 karibu wote wanatambua herufi zilizofundishwa, na wengi wanasoma maneno mafupi wasiyowahi kuyaona, ambalo ndilo jaribio la kweli. Wa miaka 3 wanatambua za majina yao na chache nyingine, na hatuwasukumi. Kuandika kuko nyuma ya kutambua kwa kila mtoto, hasa k na s. Yule baba wa mtihani wa Kiingereza alileta kitabu cha binti yake mkubwa na kumpa mdogo neno mat. Alilisoma vizuri tu. Baba hakusema kitu, ila kesho yake alileta bati la kuongezea paa.

L na r zimetushinda, au tumeamua kushindwa. Watoto wa nyumba za Kinyarwanda, Kirundi na Kinyankore wanasema "kurara", basi wanaandika kurara. Wanaandika kwa usahihi wanachosikia, na hicho ndicho tulichowafundisha. Umbo na sauti ya kila moja tunazifundisha mbali mbali, matamshi yao hatuyagusi.

30 Agosti: gharama, na kinachofuata

Jumla hadi leo ni shilingi 318,000, pamoja na usafiri wa boda boda na gari la Mbarara. Kubwa zilikuwa plaiwudi na trei. Anayeanza sasa anaweza kuruka chati, karatasi ya kwanza ya msasa na kadi zilizochapwa kwa mwandiko usiofaa, na fedha zikimbana aanze na trei, kadi za gundi na mchanga, na kipande cha chaki.

Chaki ndiyo inayokula pesa kila mwezi. Tulijaribu makopa, muhogo mkavu, ambao unaandika vizuri sana kwenye kibao cheusi. Watoto wakayatafuna. Kwa kuwa hatukuweza kujua yapi ni ya muhogo mchungu, tuliyaondoa siku hiyo hiyo.

Septemba tunaingia herufi pacha: ch, sh, ny, ng na ng'. Ch itatupa kazi na wazazi wa Kongo, kwa kuwa Kifaransa kinaisoma sh, na tayari kuna baba anayemsomea mwanawe chai kama "shai". Tutabandika ch kwenye kadi moja isiyokatika, c na h zisionekane kama vitu viwili. Kwa ng' hatujaamua. Kikoma kile cha juu watoto hawakioni kabisa, na mmoja wa akina mama anapendekeza tukikate kwenye msasa namba 60.